Sura ya Sita: Aliyemalizia Kazi ya Ludovick

Kiti kilikuwapo, lakini Mwajabu alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na khanga yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Tangu Ijumaa jioni alikuwa mahabusu katika kituo cha polisi, na sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mchana huo angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua Ludovick, fundi wa kompyuta, na kwa shtaka la namna hiyo hakuna dhamana.

Inspekta Dorothea Mazengo alivuta kiti akakaa mbele yake. Alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, mwanamke wa Mvumi mwenye sauti ya chini na subira fupi, na hakupenda kesi inayokwisha kabla yeye hajaianza.

"Niambie tena. Chumba cha kompyuta ulikipiga deki?"

"Sikukipiga, afande. Kile nakifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Marehemu mwenyewe alinikataza maji."

"Sakafu ilikutwa imelowa. Ndoo ilikuwa mlangoni."

"Ndoo ni yangu."

"Kabla ya saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kliniki, na mtoto. Saa tisa ndipo nilipofika kazini, nikapiga deki korido."

"Ulipofika ulimkuta nani?"

Mwajabu alitazama mikono yake. Dorothea alisubiri. Alikuwa amezoea watu wanaonyamaza kwa kutojua, na hao huwa wanatazama juu, wakitafuta cha kusema. Huyu alikuwa na jibu na amelikalia.

"Mwajabu, mimi siyo hakimu. Ukinyamaza hapa, kule watakusemea."

"Wanisemee tu, afande," alijibu kwa sauti ndogo.

Koridoni alisimama Mrakibu Bartolomayo, mkuu wa upelelezi wa mkoa, jalada kwapani, tayari kwa safari ya mahakamani.

"Dorothea, unahangaika na nini? Fundi aliitwa kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Tumeikuta kompyuta na mfumo mpya tayari, unafanya kazi. Maana yake alikufa alipokuwa anafunga kazi, saa tisa au saa kumi, na mwenye maji saa hizo ni huyu mama. Alhamisi waligombana kwa ajili ya vumbi, katibu muhtasi amewasikia. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kuiona hiyo kompyuta, afande."

"Kompyuta haitoi ushahidi."

"Sijaiuliza bado."

Bartolomayo alicheka kwa pua. Akampa mpaka saa saba.

Ofisi za Mradi wa Maji wa Nyanda zilikuwa karibu na reli, nyumba ya zamani yenye kuta nene na bango jipya lililolipiwa na wafadhili. Vumbi la Septemba lilikuwa limepaka kila kitu rangi moja, miti na magari na hata mbwa aliyelala getini. Ndani, mwisho wa korido, kulikuwa na mlango wenye karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: VUA VIATU. HII NI AMRI.

Mwaka ule wa tisini na tisa kompyuta katika ofisi za Dodoma iliishi maisha ambayo mkurugenzi hakuyapata. Ilikuwa na chumba chake, feni yake, pazia zito, na kitambaa cha kufuma kilichotiwa wanga. Watu walivua viatu kuingia kwake kama wanaingia kuswali. Na sasa, kwa kuwa magazeti yalisema kwamba mashine za zamani zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili utakapoingia, kila ofisi ilikuwa mbioni kuzibadilishia mfumo. Mafundi wa mtaa wa Kizota hawakulala kwa kazi, na mmoja wao hakuamka.

Dorothea alivua viatu. Mratibu wa mradi, Bwana Edward, alikuwa ameshavua vyake na kumsubiri ndani akiwa na soksi nyeusi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limenyooka, saa kubwa ya chuma mkononi.

"Karibu, Inspekta. Pole kwa kazi. Ni msiba wetu sote."

"Ahsante. Funguo za chumba hiki anazo nani?"

"Mimi, na Ester, katibu muhtasi. Ester Ijumaa aliondoka saa sita kwenda kumwona mama yake aliyelazwa. Mwajabu hufunguliwa na mmoja wetu."

"Ijumaa alifunguliwa na nani?"

"Chumba kilikuwa wazi. Fundi alikuwamo."

Alijibu haraka, na jibu lilikuwa zuri. Dorothea aliliandika.

Nyuma yake aliingia Tadeo, fundi aliyefanya kazi na marehemu katika kibanda kimoja huko Kizota. Macho yake yalikuwa mekundu. Alivua saa na pete, akavitia ndani ya kiatu chake mlangoni, kisha akavaa kandambili alizokuja nazo kwenye mfuko wa plastiki.

"Samahani, kijana," Edward alisema. "Hapa hatuingii na kitu mguuni."

"Mimi naingia nazo, mzee. Boksi hili ni la bati. Ludovick hakuwahi kuligusa bila raba mguuni, wala akiwa na chuma mwilini. Ndiye aliyetufundisha."

Dorothea aligeuka. "Alikutwa miguu mitupu. Kandambili zake zilikuwa nje, zimepangwa vizuri kando ya viatu vyake."

"Basi aliambiwa azivue," Tadeo alisema.

"Amri ni ya wote," Edward alisema kwa upole. "Vumbi halichagui. Pengine aliona karatasi akatii."

Kompyuta ilikaa juu ya meza chini ya dirisha, imezimwa, imefunikwa kitambaa chake. Kutoka kwenye soketi yake waya mwembamba ulipanda ukutani na kutokea dirishani. Edward aliunyooshea kidole kabla hajaulizwa.

"Huo ni wa Mzee Masudi, mlinzi. Amejiungia redio yake. Nimemkataza mara ngapi sijui. Kama kuna hitilafu ya umeme humu, Inspekta, mimi ningeanzia hapo."

Mzee Masudi aliitwa dirishani. Alikuwa mtu wa Busi, huko Kondoa, kofia ya mkono kichwani na sweta juani.

"Shikamoo, Mzee Masudi."

"Marahaba, mwanangu."

"Waya huu ni wako?"

"Wangu. Nilifungiwa na Ludovick mwenyewe, Mungu amrehemu. Alisema redio yangu inakula umeme kidogo kuliko mbu."

"Ijumaa ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inaimba. Niliiacha hapa hapa dirishani nikaenda msikitini. Baada ya swala nilipita sokoni, nikarudi alasiri. Niliikuta bado inaimba."

"Ulipoondoka nani alibaki?"

Mzee Masudi alitazama ndani ya chumba, akamwona Edward, akatazama redio yake. "Fundi alibaki. Wengine sikuwaangalia. Mimi hulinda geti, mwanangu, silindi watu."

Tadeo alipiga magoti. Aliufuata waya wa mzee kwa vidole mpaka kwenye soketi, akaufungua, akautazama, akatikisa kichwa. Ulikuwa umefungwa kwa mkono wa Ludovick, safi, na haukuwa umegusana na chochote. Kisha alichomoa plagi ya kompyuta yenyewe na kuifungua kwa bisibisi. Aliitazama, akaigeuza. Dorothea alimsogelea.

"Nini?"

"Njoo uone, afande. Waya huu wa kijani na njano ni wa ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaopotea, usimpige mtu. Hapa umetolewa mahali pake ukaunganishwa na waya wa moto. Mtu ameuchuna akausokota. Ukiiwasha, mashine inafanya kazi kama kawaida, lakini boksi zima ni umeme."

"Aliyevaa raba?"

"Haoni kitu. Anaweza kufanya kazi siku nzima."

"Na miguu mitupu?"

"Saruji inatosha. Hata maji hayahitajiki."

Dorothea aliitazama sakafu iliyokwisha kukauka. Kama maji hayakuhitajika kuua, yalimwagwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa kumtwisha mwenye ndoo mauti hayo. Alihisi hasira, tena si ndogo, akaiweka kando kwa sababu mpelelezi mwenye hasira huona anachotaka kuona.

"Ludovick alikuwa na ugomvi na mtu hapa?"

Tadeo alianza kuirekebisha plagi, hakuinua kichwa. "Ugomvi siyo. Ijumaa asubuhi alipita kibandani kuchukua betri ya mashine hii. Akaniambia, Tadeo, vifaa nilivyoweka mwaka jana ndani ya mashine za mradi havimo. Vimetolewa, vimewekwa vikuukuu. Akasema wafadhili wakija atawaambia."

"Mafundi husema mengi," Edward alisema. Alikuwa bado amesimama pale pale, mikono nyuma.

"Washa," Dorothea alisema.

Mashine ilipumua, ikanguruma, ikachukua muda wake wa uzee. Halafu kioo kikajaa mawingu na bendera ya mfumo mpya ikatokea. Chini kulia, kwenye kona, kulikuwa na saa. Dorothea aliisoma: 5:07. Nje ilikuwa saa tano ya asubuhi na dakika zake. Angalau kitu kimoja katika nyumba hii kilikuwa kinasema kweli, aliwaza.

"Kazi imekamilika kabisa," Edward alisema. "Marehemu alikuwa hodari. Nafikiri aliligusa boksi wakati wa kufungasha."

Tadeo alikuwa akiikodolea macho saa ile. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo.

"Afande, saa hii ameiweka nani?"

"Imekosea nini? Ni saa tano."

"Kwetu sisi ni saa tano. Kwa kompyuta hii ni saa kumi na moja alfajiri. Kompyuta haihesabu kwa Kiswahili. Sasa hivi ilitakiwa isome kumi na moja na dakika saba."

Dorothea alirudia kuitazama. Aliisoma kama alivyosoma saa maisha yake yote, kama anavyoisoma kila mtu kutoka hapa mpaka Kondoa, na ndiyo maana hakuona kosa. Watu watatu walikuwamo chumbani, na mmoja tu ndiye aliyelala na kuamka na mashine hizi.

"Ni betri," Edward alisema. "Mashine kuukuu. Saa yake haijawahi kuwa sawa."

"Betri ni mpya, mzee. Nimesema, aliichukua kwangu Ijumaa asubuhi." Tadeo alizima, akafungua boksi, akaonyesha betri inavyong'aa katikati ya vumbi. "Na saa ikiharibika inaharibika ovyo. Haipishani kwa saa sita barabara. Hii imewekwa na mtu."

"Ludovick hakuweza kukosea hivyo?"

"Afande, huyu alikuwa anatuwekea saa za kompyuta mji mzima. Ungemwuliza saa ngapi usingizini angekujibu zote mbili."

"Nieleze kazi yenyewe inavyokwenda. Polepole, kama unamweleza bibi yako."

Tadeo alijipangusa mikono. Alieleza kwamba mwanzoni unaipa mashine sahani ya CD yenye mfumo, inanakili peke yake muda mrefu, mtu anaweza kwenda kula. Halafu inajizima na kujiwasha. Baada ya hapo ndipo inapoanza kuuliza: unakubali masharti, jina nani, namba ya leseni ipi. Swali la karibu na mwisho ni tarehe na saa. Ukiweka betri mpya saa inakuwa imefutika, na Ludovick alikuwa na desturi ya kuiacha mpaka mfumo wenyewe uulize. Usipojibu swali, mashine inakaa inakusubiri, hata wiki.

"Kwa hiyo," Dorothea alisema taratibu, "mashine ilipouliza saa, Ludovick hakuwapo kujibu."

"Alikuwapo," Tadeo alisema. "Chini hapo."

Dorothea alikitazama kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta. Mtu fulani alikuwa ameketi kwenye kiti hiki, na maiti karibu na miguu yake, akajibu maswali ya mashine moja baada ya jingine mpaka mwisho, ili kazi ionekane imemalizwa na fundi mzima, na kifo kionekane cha alasiri. Mtu huyo alijua boksi lina umeme. Kwa hiyo alivaa raba, na alivua kila chuma mwilini, saa ikiwamo. Chumbani hamkuwa na saa ya ukuta. Palikuwa na redio dirishani tu, na redio hutangaza saa kwa Kiswahili, naye akaandika alichosikia.

"Unaweza kujua alimaliza saa ngapi?"

Tadeo aliwasha tena, akabonyeza hapa na pale. "Kwa saa yake mwenyewe, nane na nusu."

Saa nane na nusu mchana. Mwajabu alikuwa kwenye benchi la kliniki, mtoto mapajani, akisubiri zamu mbele ya wauguzi na akina mama wenzake.

"Bwana Edward," Dorothea alisema bila kugeuka, "Ijumaa saa nane ulikuwa wapi?"

"Kizota. Gari la mradi lilikuwa gereji kwa Mzee Shabani. Niliwasimamia mafundi mpaka saa kumi, ndipo nikarudi nikakuta maafa haya."

"Uliwasimamia mwenyewe?"

"Mafundi wa gereji usipowasimamia unarudishiwa gari la mtu mwingine." Alitabasamu, akatazama saa yake ya chuma. "Inspekta, utaniwia radhi. Nimeitwa nyumbani mara moja. Nikitakiwa, nyumba yangu inajulikana."

Dorothea alimpima kwa macho. Alikuwa na saa iliyokosewa na plagi iliyochezewa, lakini hakuwa na mkono wa mtu. Ukimkamata mkubwa kwa dhana, kesho unaandika barua ya kuomba msamaha. "Nenda," alisema. "Usitoke mjini."

Walimsikia akivaa viatu, kisha gari likiondoka. Tadeo alirudisha kifuniko cha boksi na kukaza parafujo moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho alisita.

"Afande, kibanda chetu kimepakana na gereji ya Mzee Shabani."

"Enhe?"

"Ijumaa Mzee Shabani hufunga saa sita. Wote wanaenda msikitini, na hafungui mpaka kesho yake. Tangu nimfahamu hajawahi kufungua Ijumaa mchana."

"Kwa nini hukusema akiwa hapa?"

"Alikuwa amesimama nyuma yangu, afande, na mimi nilikuwa nimeshika umeme."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata Kizota. Dorothea alivaa viatu bila kufunga kamba. Alimwacha Tadeo mlangoni na agizo kwamba hata Rais asiingie humo, akapanda Land Rover ya kituo, na Koplo Kefa, dereva wake, akaikimbiza kana kwamba barabara ni yake. Njiani alipanga mambo kwa utaratibu: kwanza amtoe Mwajabu kabla jalada halijakwenda mahakamani, kisha apate hati, kisha amfuate Edward kwake. Ulikuwa utaratibu sahihi kabisa, unaofundishwa chuoni.

Bartolomayo alimpokea mlangoni mwa kituo akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Umechelewa, Dorothea. Amekiri."

"Nani amekiri?"

"Mama yako wa ndoo. Ulipotoka tu aliomba aandikiwe maelezo. Hakuguswa hata kidole. Amesema alimwaga maji kwa makusudi."

"Afande, maji hayakumuua. Na Ludovick alikuwa ameshakufa saa nane, huyu akiwa kliniki. Naomba dakika chache naye."

Kitu katika sauti yake kilimfanya Bartolomayo asibishane.

Mwajabu alikuwa amekaa pale pale sakafuni. Safari hii Dorothea hakuvuta kiti, alichuchumaa.

"Maelezo uliyotoa ni ya uongo. Ninajua ulikuwa wapi na ninajua plagi ilichezewa. Ninajua pia kwamba Bwana Edward hakuwa gereji. Unarudi nyumbani leo, Mwajabu. Niambie tu ulichokiona."

Alitarajia kilio, au shukrani. Mwajabu alimtazama kwa hofu kubwa kuliko ile ya asubuhi.

"Nani mwingine anajua haya?"

"Mimi, mkuu wangu, na fundi."

"Na yeye? Bwana Edward anajua kama mnajua?"

"Fundi alipoeleza, naye alikuwapo. Alisikia habari ya saa."

"Yuko wapi sasa?"

"Amekwenda nyumbani kwake."

Mwajabu alisimama. Alishika ukuta. Maneno aliyoyakalia tangu Ijumaa yalitoka yote kwa pamoja, bila machozi.

"Nilimkuta mlango wa nyuma, anatoka. Amevaa kandambili za Ludovick, zile alizozirudisha mlangoni baadaye, suruali imelowa chini. Akaniambia piga deki korido, usiingie ndani, fundi ana kazi. Nikamwambia ndiyo, baba. Mtoto alikuwa mgongoni. Polisi walipokuja kunichukua, mke wa Bwana Edward alikuja na gari akasema mahabusu siyo mahali pa mtoto, akambeba. Leo asubuhi ulipotoka alikuja kuniletea uji. Akaniambia mtoto hajambo, anacheza, na bwana amesema atabaki hajambo mambo haya yakiisha leo."

Dorothea alikuwa amemhoji mwanamke mwenye maziwa yanayotiririka kifuani, akamwuliza habari za ndoo, maji, saa na milango. Mtoto yuko kwa nani, hilo hakumwuliza. Aliogopa sasa, na hakuwa na mahali pa kuiweka hofu hiyo.

"Nilikubali ili yaishe, afande," Mwajabu alisema. "Wewe umekwenda kumwambia hayajaisha."

Dorothea alikuwa ameshafika koridoni, anamwita Kefa awashe gari.